Umeme wa Jumapili

Hadi kufika saa tatu asubuhi ya Jumatano, Inspekta alikuwa ameshatukanwa na watu watatu, na chai alikuwa hajanywa.

Wa kwanza alikuwa mke wa fundi wa maabara. Alimkuta hospitali, nje ya chumba cha mahututi, amekaa kwenye benchi na viatu vya mumewe mapajani. Mume alikuwa ndani, anapumua kwa mashine, mapafu yameungua kwa gesi ya tindikali.

"Umekuja kunihoji tena?" yule mama aliuliza bila kunyanyua uso. "Mume wangu alikwenda kazini, hakwenda vitani. Wahoji waliompa hiyo kazi. Na akifa, matanga nayaleta hapo kituoni kwako, na utapika wewe."

Wa pili alikuwa mlinzi wa lango la chuo, aliyemwambia kwamba gari la polisi likae nje huko barabarani, kwa sababu ndani ni kwa watu waliosoma.

Wa tatu alimtukania kwenye simu, na huyo alikuwa Mkuu wa Kituo. "Wewe Gundi, sikiliza. Binti ana sahihi yake kwenye kiroba. Unataka nini zaidi, aimbe? Saa kumi jioni jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Ukiwa na jina jingine, lilete. Huna, funga mdomo."

Gundi ndilo jina walilompa pale kituoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mzito wa kutembea, na akishagusa jambo haachi mpaka lichanike.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Siku ya Jumatatu, binti mmoja anayesomea shahada ya uzamivu alikuwa anafanya mchemsho wa mwisho wa utafiti wake. Miaka minne alikuwa akitafuta njia ya kuzirudisha chupa kuukuu za maji kuwa plastiki mpya kwa joto dogo na umeme kidogo, ili hewa ya ukaa inayokwenda angani iwe kidogo kabisa. Wenzake walimbandika jina la Dada Chupa, na likamganda. Asubuhi hiyo chenga za chupa kutoka kiroba namba kumi na nne zilimiminwa kwenye mtungi wa chuma wanaouita Sufuria. Joto lilipofika digrii mia na tisini, Sufuria ikaanza kutetemeka. Fundi akakimbilia valvu, akaifungua, gesi ikamvaa usoni. Humo ndani ya chenga kulikuwa na plastiki ya aina nyingine, ile ambayo ikipata joto hutema tindikali. Kiroba kilikuwa na utepe wa lakiri, na juu ya utepe sahihi ya Dada Chupa ya Jumamosi jioni. Jumanne akatiwa ndani.

Kila mtu aliridhika isipokuwa Inspekta. Yeye alikwenda stoo ya vielelezo, akakigeuza kiroba miguu juu. Lakiri ya juu ilikuwa nzima, haijaguswa. Lakini mshono wa chini ulikuwa mpya. Viroba vingine vyote kumi na tatu vilishonwa chini kwa uzi wa kijani, hiki kimoja kwa uzi mweupe. Mwenye lakiri yake mkononi haingilii mlango wa nyuma. Alimwambia Mkuu hivyo, na Mkuu akamjibu kwamba nyuzi ni kazi ya mafundi cherehani.

Profesa alimsubiri mlangoni mwa maabara. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, simu mkononi.

"Umechelewa dakika kumi na moja."

"Nilikuwa hospitali, kwa fundi wako."

"Hospitali iko dakika ishirini kutoka hapa. Ungetoka mapema zaidi."

Inspekta akapita. Chumba kilikuwa kirefu, cheupe, kinanuka dawa ya kusafishia. Sufuria ilikuwa katikati, imezungushiwa utepe wa polisi. Ukutani palikuwa na mashine ya kusaga, mizani, na juu ya vyote mita ya umeme yenye kioo kidogo cha namba nyekundu. Chini ya mita, kitabu kikubwa kimening'inizwa kwa kamba.

"Moshi ulitoka saa ngapi?"

"Haukuwa moshi. Moshi hutoka kwenye moto. Ile ilikuwa gesi."

"Gesi basi. Kama saa nne?"

"Saa nne na dakika saba." Profesa aliangalia simu yake. "Na hivi ulivyosimama umeegemea hilo friji mpaka mlango umeachia, maabara inakula wati mia tatu na kumi na mbili. Tafadhali sogea."

Inspekta akasogea. "Hiyo simu inakuambia yote hayo?"

"Mita inanitumia. Kila dakika, nikiwa popote, mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta."

"Wewe tu?"

"Wengine wana macho, wataisoma ukutani."

Inspekta alikifungua kile kitabu. Safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, saa, kazi, uniti, jina. Kurasa mia mbili za namba. Aliyewasha mashine aliandika, aliyewasha feni aliandika. Alipochomoa kalamu yake atie alama kwenye ukurasa wa mwisho, Profesa alimrukia kama aliyeona nyoka kitandani.

"Weka hiyo kalamu! Wino mweusi hauingii humu!"

"Una nini wino mweusi?"

"Ukitoa nakala, mweusi hufanana na nakala. Mtu hajui ipi ni asili. Humu ni bluu tu." Alipumua kwa pua. "Mama, huelewi kazi hii. Kuyeyusha plastiki hata mchoma takataka wa jalalani anaweza. Sisi tunauliza jambo moja: unaisafisha ardhi, je, anga unalichafua kiasi gani? Jibu liko kwenye umeme. Uniti moja ikipotea, jibu ni uongo. Hata chenga hatuzianiki kwenye oveni, tunaanika juani."

"Nakichukua hiki."

"Hukichukui."

"Nakichukua, na ukinishika mkono nakuchukua na wewe."

Walitazamana. Mwishowe Profesa alitoa kalamu yake ya bluu mfukoni, akamlazimisha aandike ndani ya jalada kwamba Polisi wamekiazima, tarehe na saa. Inspekta aliandika. Kalamu ikabaki naye. Jumapili, alimuuliza akiwa anatoka, Profesa ulikuwa wapi? Nyumbani, alijibu mzee, magoti yanamsumbua.

Chumba cha pili kilikuwa cha moto. Humo alifanya kazi mwanafunzi mwingine wa uzamivu, kijana mnene mwenye aproni ya ngozi, anayechoma plastiki kwa digrii mia tano mpaka igeuke mafuta.

"Wewe ndiye Tanuri?"

"Na wewe ndiye Gundi. Wote wawili wazazi wetu hawakuulizwa."

"Unamchukia Dada Chupa?"

"Sana." Kijana hakuacha kufuta mikono. "Kila semina anasimama anasema kazi yangu ni jalala lililowekewa bomba la moshi. Mbele ya wageni. Wewe ungempenda?"

"Ukamtilia plastiki mbaya kwenye kiroba."

"Mama, mimi ningemtilia kwenye chai. Kiroba nina haja gani nacho?"

Inspekta akatoa bahasha ya vielelezo, akamwaga chenga kidogo mezani. Zote angavu, zote sawa, kama vipande vya kioo kilichovunjika. "Nionyeshe tofauti."

Tanuri alimkata jicho, halafu akashika waya wa shaba kwa koleo, akauweka kwenye mwali wa gesi mpaka ukawa mwekundu. Akagusisha chenga moja, akarudisha waya motoni. Mwali haukubadilika. Akagusisha ya pili. Safari hii mwali uligeuka kijani, kijani cha jani bichi, ukawaka hivyo kwa muda kisha ukarudi.

"Huyo ndiye mwuaji wako," alisema.

"Mwuaji bado. Fundi anapumua. Mbona Dada Chupa hakumwona huyo?"

"Kwa sababu kipimo chake ni maji. Anaosha chenga kwenye beseni. Vifuniko vinaelea, anavitupa. Chupa zinazama, anazichukua. Hii nayo inazama. Angavu kama ile, nzito kama ile. Aliyeichagua alikaa akafikiria."

"Mtu wa humu humu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Na plastiki angavu ya namna hii mtu anaipata wapi?"

Tanuri akaanza tena kufuta mikono. Inspekta akazungusha macho. Nyuma ya tanuri, bati la plastiki, yale ya kupitishia mwanga kwenye paa, lilikuwa limeegemezwa juu ya meza ya vyombo. Kona yake moja ilikuwa imekatwa kwa msumeno, kipande cha ukubwa wa mlango wa kabati.

"Pasha waya wako," alisema.

"Mama..."

"Mama yako yuko kwenu. Pasha waya."

Mwali ukawa kijani.

"Nimelikuta!" Sauti ya Tanuri ilipanda. "Jumatatu asubuhi, kwenye korido, limeegemezwa mlangoni kwangu. Limeshakatwa hivyo hivyo. Paa langu linavuja, nikalichukua nikinge maji."

"Bati linakuja lenyewe mpaka mlangoni kwako, na hukujiuliza?"

"Nilikuwa nanyeshewa. Ningejiuliza saa ngapi?"

Inspekta alimpigia Mkuu, akamweleza. Mkuu akafurahi kama mtu aliyeongezewa nyama. "Mkamate na huyo! Wameshirikiana!"

"Wanachukiana, Mkuu."

"Hata mimi na wewe tunachukiana na tunafanya kazi pamoja. Mlete."

"Bado."

Akakata simu. Kijana alikuwa amekaa chini, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Inspekta akamfunulia kile kitabu. "Hapa unaandika wapi wewe?"

"Mimi? Na hicho kitabu?" Tanuri alicheka kwa uchungu. "Tanuri langu lina mita yake huko nje, na tangu nije sijawahi kuiangalia. Hiyo ni dini ya Profesa na Dada Chupa. Fundi walimlazimisha kusilimu. Mimi siisali."

"Kwa hiyo ukitumia mashine yao ya kusagia huandiki."

"Siitumii. Na ningeitumia, nisingeandika, ili nione wanavyorukwa na akili kesho yake." Alifuta uso kwa kiganja. "Unanikazia macho mimi. Muulize Profesa kama tangu asome sura ya tano ya Dada Chupa amewahi kulala."

Dada Chupa aliletwa chumba cha mahojiano saa saba mchana. Alikuwa binti mrefu, kamba za viatu zimeondolewa, anavuta miguu. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara mbili.

"Leo umeniletea nini? Pingu za saizi yangu?"

"Kitabu chako."

Alipokiona, mikono ilimtoka mbele yenyewe. Halafu akairudisha. "Nani amekitoa ukutani? Mita inaendelea kusoma. Sasa kuna pengo."

"Wewe unakwenda jela na unalilia pengo?"

"Ndiyo. Wewe ungelilia nini, nywele zako?"

Inspekta aliliacha lipite. Alifungua ukurasa wa mwisho na kuweka kidole. Jumamosi kulikuwa na mistari minane, yote ina majina. Jumatatu mistari mitatu. Katikati yake mstari mmoja peke yake: *Jumapili, 8:10 mchana. Kusaga. 0.412.* Safu ya jina ilikuwa tupu.

"Huyu nani?"

"Fundi, nilidhani. Alisema ana chenga zilizobaki. Husahau kuandika jina."

"Ulidhani. Hukumuuliza?"

"Sikuwa na sababu." Dada Chupa alisema kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Kila asubuhi nasoma mita, nasoma kitabu. Vikipishana hata nukta, siwashi kitu, nasimamisha kazi mpaka ijulikane nani. Jumatatu nilisoma. Vilikubali. Jumla ilikubali, kwa hiyo nikawasha."

"Jumla ikikubali hujali nani."

Binti akavuta kitabu, akausoma tena ule mstari.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema mara sita. Kwa dada yangu, amejifungua. Basi la saa kumi na mbili asubuhi kwenda, la saa mbili usiku kurudi. Tiketi mnazo. Mkuu wako alisema tiketi ni karatasi tu."

"Wakati ule hatukujua siku yenyewe. Sasa tunaijua. Bati lilisagwa Jumapili saa nane mchana, na saa nane mchana wewe umembeba mtoto wa dada yako." Inspekta akasogeza kitabu karibu. "Hizi namba. Wewe unaandika sifuri nukta tatu tano. Fundi anaandika sifuri nukta sita sifuri. Nimepitia kurasa mia mbili. Tarakimu mbili baada ya nukta, daima. Kwa nini?"

"Kwa sababu mita ya ukutani inaonyesha mbili."

"Na huyu ameandika tatu."

Feni ya dari ilikuwa inakwaruza.

"Hapana," Dada Chupa alisema.

"Tatu zinaonekana wapi?"

"Hapana. Sikujibu hilo."

"Zinaonekana kwenye simu. Simu ya nani?"

"Yule ni kama baba yangu!" Alipiga meza kwa kiganja, askari mlangoni akageuka. "Alinitoa kwenye chuo ambacho hata mizani hakina. Alinifundisha kushika kalamu upya. Wewe umezoea wezi wa kuku, kila mtu kwako ni mwizi wa kuku. Toka!"

"Hapa kwangu. Nikitoka nani atakufungulia?" Inspekta hakupandisha sauti. "Sura ya tano inasema nini?"

Binti alijibu akiitazama meza. Njia ya kurudisha plastiki iliyompa Profesa jina, miaka ishirini iliyopita, ilisifiwa kwa umeme mdogo. Yeye aliirudia kwa mita, hatua kwa hatua, kama sehemu ya utafiti wake. Akakuta kwamba zamani umeme wa oveni ya kukaushia haukuandikwa. Ukiuongeza, njia ya Profesa inatoa hewa ya ukaa sawa na tanuri la kijana wa jirani.

"Alisemaje ulipomwonyesha?"

"Aliniomba niitoe hiyo sura. Nikakataa. Akasema ule ulikuwa uvivu wa ujana, na tangu siku ile hajawahi kuwasha hata taa bila kuandika. Na ni kweli. Anaandika. Huwa anaandika hata akichaji simu."

"Na mchemsho wa Jumatatu ungeharibika, ingekuwaje?"

"Tasnifu isingefungwa. Ningeanza upya mwaka mzima. Yeye anastaafu mwezi wa sita." Ndipo alipoinua uso, na macho yake hayakuwa na urafiki wowote. "Mhalifu gani anaandika umeme wa uhalifu wake, Inspekta? Jiulize hilo kabla hujamchafua mtu."

"Nimejiuliza njia nzima. Ambaye asingeandika, wewe Jumatatu usingewasha Sufuria."

Mlinzi wa lango alikuwa anakula karanga. Inspekta aliegesha gari ndani, mbele yake, makusudi.

"Daftari la Jumapili."

"Umeshaliona. Tupu. Jumapili hakuingia mwanafunzi wala mgeni."

"Nani haandikwi?"

"Eh?"

"Nauliza, nani akipita hapa humwandiki?"

Mlinzi alimtazama kwa dharau ya kweli, kama aliyeulizwa jua huzama upande gani. "Maprofesa. Utamwandikaje profesa? Ukimpa kalamu anakusahihishia na daftari zima."

"Alipita?"

"Na bati kwenye gari, limetokeza dirishani. Mimi nikasema mzee anajenga."

"Jana ulisema hakuingia mtu."

"Jana uliuliza wanafunzi na wageni. Swali baya ni lako, mama, si langu."

Inspekta alimchukulia karanga mbili akaenda zake.

Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini na tano alipoingia ofisini kwa Profesa. Hakukaribishwa kiti, akakaa. Ukutani kulikuwa na cheti kikubwa cha njia ile ya miaka ishirini iliyopita, kioo chake kimefutwa karibuni. Akaweka kitabu mezani, akakifungua kwenye ukurasa wa mwisho, akachomoa kalamu yake nyeusi.

"Nimeona kasoro humu," alisema. "Mstari mmoja hauna mwenyewe. Nitaukata, halafu nikurudishie kitabu chako."

"Mstari upi?"

"Wa Jumapili. Hakuna aliyeingia Jumapili. Daftari la lango liko tupu, wewe ulikuwa nyumbani na magoti. Basi ni makosa ya mkono." Akaweka rula chini ya mstari.

"Usikate."

"Kwa nini?"

"Hukati rekodi. Hata ikiwa na makosa hukati."

"Haina makosa sasa?"

Profesa aliisukuma rula kwa kidole kimoja. "Ukiukata, jumla ya ukurasa inapungua. Mita inasema hivi, kitabu kinasema vile. Kazi ya miaka minne inakuwa haina maana."

"Kazi ya nani?"

Profesa alinyoosha pembe ya ukurasa.

"Umeme ulitumika, Profesa, au haukutumika?"

"Ulitumika." Neno lilimtoka haraka, kama deni la zamani. "Ulitumika wote. Dakika kumi na sita."

Inspekta aliiweka kalamu nyeusi chini. Akatoa bahasha, akamwaga juu ya meza chenga chache angavu, uzi mweupe aliouchomoa kwenye kiroba, na picha ya bati lenye kona iliyokatwa. Kila kimoja alikisogeza mbele ya mzee bila maneno.

"Mlinzi aliona bati," alisema. "Ulilisaga, ukatoa kilo moja ya chupa chini ya kiroba, ukaingiza kilo moja ya bati, ili mizani ikubali. Ukashona. Bati lililobaki ukampelekea yule kijana mlangoni kwake, kwa sababu watu wote wanajua anamchukia. Kila kitu ukakiwaza. Halafu ukaenda ukutani, ukaandika."

"Ningeacha, asubuhi angeona pengo. Angesimamisha kazi."

"Ndiyo. Lakini ungeweza kuandika sifuri nukta nne moja, kama anavyoandika fundi. Ungeweza kuandika jina la fundi. Uliandika tarakimu tatu na ukaacha jina wazi."

"Kuandika jina la mtu mwingine ni kughushi," Profesa alisema, akiwa amekasirika kweli kweli. "Mimi sijawahi kughushi namba katika kitabu hiki."

Inspekta alikuwa amekutana na wengi katika kazi hii, waongo wa kila rangi, na wengine wamemtemea mate. Huyu alikuwa wa kwanza kukutana naye wa aina yake.

"Nilitaka mchemsho uharibike," mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Tindikali ingekula kichocheo kinachoendesha mchemsho, matokeo yangetoka mabaya, angeanza upya. Nilipiga hesabu ya mgandamizo. Valvu ilitakiwa kubaki imefungwa. Sikumtarajia fundi afungue."

"Aliona Sufuria inatetemeka na wewe hukuwepo. Alimwogopea yule binti aliyekuwa pembeni yake. Hilo hukulipigia hesabu." Inspekta akageuza kitabu kimwelekee. "Yuko mahututi. Mkewe ameshika viatu vyake. Na mwanafunzi wako saa kumi anapelekwa kushtakiwa, na saa saba mchana bado alikuwa anakutetea akinifukuza. Safu ya jina iko wazi, Profesa."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika kumi na tano. Profesa alivaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye shati, ukakuta hamna kitu. Ukaelea juu ya kalamu nyeusi iliyolala mezani. Haukuigusa.

"Sina ya bluu," alisema.

Inspekta akaingiza mkono kwenye mkoba, akamrudishia kalamu yake.

Aliandika jina lake lote, polepole, kwa hati ya shule ya zamani. Kisha akarudi kwenye safu ya kazi, penye neno *kusaga*, na pembeni yake akaongeza kwa herufi ndogo: *bati*. Akaweka sahihi na tarehe ya leo kando ya nyongeza, kama taratibu zinavyotaka. Akapuliza wino ukauke.

Inspekta alipiga simu akiwa amesimama. "Mkuu, jina ninalo. Mtoe yule binti, na mpe kamba zake za viatu mkononi, usimtupie." Upande wa pili kulikuwa na kelele nyingi. Akasubiri ziishe. "Ndiyo, limeandikwa. Kwa mkono wake."

Kisha akakaa tena, akafungua daftari lake la maelezo, dogo, limepinda pembe kwa kukaliwa garini, akaanza kuandika kwa kalamu yake mwenyewe. *Jumapili, kama saa nane mchana, mtuhumiwa alisaga bati, uniti takriban nusu...*

Profesa alikuwa anasoma kinyumenyume kutoka upande wake wa meza. Alinyoosha kidole, mdomo ukafunguka.

"Nyamaza," alisema Inspekta. "Hiki ni kitabu changu. Humu tunaandika kwa wino mweusi."